Rafu ya Kundi O

"Siandiki," alisema Komeo.

Mjomba wake alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, kikombe cha chai mkononi, akichungulia kompyuta juu ya bega lake. Kwenye kioo palikuwa na mstari mwekundu, na chini yake maneno makavu ya kukataa.

"Neno moja tu, mwanangu. Neno moja, kazi imekwisha."

"Ndilo hilo nisiloandika, Mjomba."

Ofisi nzima iliinamia meza. Vilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la miwani, na ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu, kwa hiyo hapakuwa na pembe ambayo mtu angejibanza asisikie. Kila mmoja alijifanya anasoma.

Jina la Komeo alilipata humo humo. Alikuwa mwandishi wa programu, na kila kazi ya wenzake iliyopita mikononi mwake ilirudi ikiwa na maswali. Mmoja wao alichoka akasema, "Ukipeleka kitu kwa yule binti, unakuta mlango una komeo." Jina likamganda. Mwenyewe hakulichukia. Mlango usio na komeo, alikuwa akisema, ni pazia.

Mjomba, kaka wa mama yake, ndiye aliyekuwa mwenye kampuni. Ujanani alikuwa karani wa stoo ya vipuri vya magari, akajifunza mwenyewe kuandika programu, na ya kwanza aliyoiandika ilikuwa ya kumwambia kitu gani kiko wapi. Moyo wa programu ile aliuita Rafu. Rafu ilikuwa na ahadi mbili: nipe kitu chochote nitakipokea, na ukiniomba nitakutolea. Stoo nyingine zikaitaka, kisha kiwanda cha vigae, kisha mtu wa vitabu, na kila mara Mjomba hakuanza upya. Aliandika rafu changa, akaiambia irithi ile ya zamani.

Katika kazi yao, kurithi ni hivi: ukishaandika aina moja ya kitu, unaweza kuandika nyingine iliyo mtoto wake, na mtoto anachukua kila alichonacho mama bila wewe kukirudia. Zaidi ya hapo, popote programu inapomtaka mama, mtoto anaweza kusimama mahali pake, na hakuna atakayeuliza. Rafu ya vigae, rafu ya vitabu, rafu ya matairi, zote zilikuwa binti za Rafu ile moja, na Mjomba alizisema kwa wageni kama mtu anayesema wajukuu. Mwanawe, aliyependa mpira, alikuwa na utani wake: "Baba huyu amecheza rafu maisha yake yote na hajapewa kadi."

Ndipo ikaja hospitali. Walikuwa wamenunua majokofu mapya ya kuhifadhia damu, kila rafu ina kilango chake chenye kufuli la umeme, na walitaka programu itakayojua kilango kipi kifunguke kwa mfuko upi. Rafu ya kundi A, ya B, ya AB, na ya O. Komeo alipewa ile ya O.

Aliandika kama alivyoona ni haki: rafu hii inarithi Rafu, ila inapokea mifuko ya damu ya kundi O peke yake. Kompaila ikamkatalia. Kompaila ni ile programu inayosoma maandishi ya mwandishi kabla mashine haijayafanyia kazi, ikarudisha yasiyokaa sawa, na safari hii ilichosema ni kwamba mama aliahidi kupokea chochote, kwa hiyo mtoto anayesimama mahali pake hawezi kuja na masharti.

Mwingine angekasirika. Komeo aliegemea kiti akasema polepole, "Kumbe ina haki."

Dawa ilikuwapo, na kila mtu ofisini aliijua. Lugha waliyoandikia ilikuwa na neno la kuinyamazisha kompaila, la kuiambia nyamaza, mimi najua ninachofanya. Wao walilibatiza "niamini". Ungeiachia rafu ya O ipokee chochote kama mama yake, kisha ndani ungeandika: niamini, hiki kilichoingia ni mfuko wa O. Mstari mwekundu ungefutika. Na mashine nayo, ikishaanza kazi, isingeangalia tena. Ingeamini.

"Rafu ya damu si rafu?" Mjomba aliuliza, akiweka kikombe juu ya meza ya Komeo. Sauti bado ilikuwa ya upole.

"Ukitoa, ni rafu," alisema Komeo. "Umeomba kitu, umepewa kitu, na mfuko wa damu ni kitu. Hapo sina ugomvi. Lakini ukiweka, si rafu. Rafu yako inasema leta chochote. Hii haiwezi kusema hivyo. Ikisema hivyo inadanganya."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Nyoka simkatai. Namkataa mtoto anayeapa kiapo cha mama yake huku anajua hatakitimiza."

Mtu mmoja kwenye meza ya dirishani alikohoa ili asicheke. Mjomba hakugeuka.

"Mifuko ina lebo," alisema. "Wauguzi wanajua kusoma."

"Wanajua sana. Lakini rafu ya O ndiyo rafu ambayo watu huifungua wakikimbia, Mjomba. Mgonjwa analetwa anavuja damu, hakuna muda wa kumpima, wanampa O kwa sababu wengi wanaivumilia. Muuguzi anafungua, anaona taa ya kijani, anaona kioo kimeandika O. Anashika anakimbia. Mkononi kuna B. Mwili wa yule mtu utaipiga vita damu ile mpaka figo zigome."

"Sasa unataka nini?"

Komeo alijua swali lile litakuja, na alijua jibu lake litakata wapi. Hata hivyo alilitoa.

"Rafu ya damu isirithi Rafu yako. Isimame yenyewe, iwe na ahadi zake."

Hapo ndipo alipolitonesha donda. Mjomba aliutazama ule mstari mwekundu kama mtu anayesoma barua ya matusi.

"Rafu ile imewalisha watu wote waliomo humu," alisema mwishowe. "Imekulisha wewe."

"Imenilisha na nashukuru. Kwenye masanduku haina mpinzani. Kwenye damu naikataa."

"Unaikataa."

"Naikataa."

"Tuna maonyesho hospitali wiki ijayo. Mkurugenzi amealika wageni. Kazi unayoisema wewe ni ya miezi." Akapaza sauti bila kugeuza kichwa. "Mteremko! Njoo uchukue kazi hii."

Mteremko ndiye yule mwanawe mwenye utani, binamu yake Komeo, na aliitwa hivyo kwa sababu tangu utotoni hakuna njia aliyoiona ina mlima. Alikuwa na moyo mwema na mkono mwepesi. Alikuja akasimama kati yao, akikuna kisogo.

"Dada, ni neno moja tu," alinong'ona.

"Basi liandike wewe," alisema Komeo, akaanza kukusanya vitu vyake. "Mimi nitakwenda kuwaambia hospitali."

Chumba kikapoa. Mjomba akachukua kikombe chake, akakuta chai imeisha, akakirudisha.

"Damu ni nzito kuliko maji," alisema. "Usisahau hilo."

"Sijalisahau. Ndiyo maana sitaki damu zichanganywe."

"Ukienda kwao, ngazi hizi usizipande tena."

Komeo alivaa sweta yake, akabeba mkoba, akashuka. Katikati ya ngazi alikutana na bibi mmoja, mteja wa duka la miwani, anayepanda kuuliza choo kiko wapi, na ikabidi ageuke ubavu ampishe.

*

Mama yake alikuwa mwalimu wa udereva. Nyumba yao ilikuwa na koni za plastiki zimepangwa kwenye ukumbi, na mlangoni lilisimama gari dogo lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa. Komeo alipomaliza kusimulia, mama aliendelea kupiga pasi shati lake la kazi kana kwamba shati ndilo lililokosea.

"Umemwambia hapana nani? Kaka yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako alipoondoka, nani aliyetufungulia mlango?"

"Mjomba."

"Nani aliyekukalisha mbele ya kompyuta mara ya kwanza, miguu yako haifiki sakafuni?"

"Mjomba, mama."

"Na bado?"

"Na bado."

Mama alisimamisha pasi kwa kisigino chake. "Hebu nieleze. Lakini usinieleze kikompyuta."

Komeo alifikiri. "Tuseme mtu anakuletea gari jipya. Anakwambia, gari ni gari, mfundishie mwanafunzi. Lina usukani, lina taa, linatembea vizuri kabisa. Lakini upande wako, pale unapokaa wewe mwalimu, hakuna breki."

"Sipandi."

"Anakwambia niamini, mwanafunzi huyu anajua."

"Nimesema sipandi. Anajua nini? Akishaona lori usoni, mwanafunzi hukanyaga chochote kilicho karibu na mguu."

"Na anayekuambia akiwa kaka yako?"

Mama alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena.

"Usinitege kwa mdomo wangu mwenyewe," alisema, akaingia chumbani.

Siku zilizofuata hawakuliongelea. Komeo alimpigia simu mkuu wa benki ya damu ya hospitali, mtaalamu wa maabara ambaye wauguzi walimwita Mama Damu. Walifahamiana. Komeo alikuwa amekaa naye mara nyingi katika kile chumba cha baridi, akimuuliza mfuko unatoka wapi, unakwenda wapi, ukirudi unarudi vipi. Mama Damu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi kuambiwa hakunishibishi. Njoo siku ya maonyesho, nione kwa macho."

Asubuhi ya siku hiyo Komeo alitoka nje akakuta mama ameshawasha gari.

"Ingia," alisema mama. "Ila usijidanganye. Naendesha tu. Sijasema niko upande wa nani."

Walikwenda mwendo wa mwalimu, kibao kile juu ya paa, wakisimama kwenye kila alama ya kusimama hata pasipo na mtu. Nyuma yao msururu wa magari ulipiga honi. Kijana wa pikipiki aliwapita akapiga kelele, "Mwanafunzi, kanyaga mafuta!" Mama akashusha kioo akamjibu kwamba yeye ndiye aliyemfundisha shangazi yake kuendesha, na shangazi alikuwa na adabu. Komeo alicheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke zile ngazi.

*

Chumba cha damu kilikuwa chini, mwisho wa korido. Majokofu manne marefu yalivuma taratibu ukutani, vilango vyao vya kioo vikiwa na taa ndogo. Wageni walikuwa wamevaa makoti, wengine wakipuliza mikono. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa amemleta mpiga picha. Mjomba alikuwa amevaa suti yake ya harusi, na Mteremko alisimama mbele ya kioo cha kugusa akionyesha jinsi mambo yanavyokwenda.

Na yalikwenda. Alipitisha mfuko wa A chini ya kisomaji cha lebo, kilango cha A kikafunguka. Alipitisha wa B akajaribu kuuelekeza rafu ya O, kioo kikawa chekundu kikakataa. Watu wakapiga makofi. Kumbe Mteremko, kwa kuwa naye dhamiri ilimsumbua, alikuwa ameweka mlinzi, yaani mistari ya kukagua kundi, pale kwenye ukurasa wa kupokea mifuko mipya. Mjomba alimwona Komeo mlangoni, na uso wake ukasema: umeona?

Komeo aliona. Aliona pia kilichobaki.

"Samahani," alisema kwa sauti, akimgeukia Mama Damu. "Mama, naomba kuuliza jambo kuhusu mifuko inayorudi."

"Huyu hayumo katika kazi hii," alisema Mjomba haraka, akitabasamu kwa wageni.

"Mfuko unaorudi vipi?" aliuliza Mama Damu, ambaye alikuwa mfupi, amevaa masweta mawili, na hakutabasamu kwa mtu.

"Wodi wanapochukua damu wakaona haihitajiki, wakairudisha. Tafadhali rudisha mmoja. Si wa kumpa mtu. Chukua katika ile iliyopitwa na muda."

Mama Damu alifungua sanduku la mifuko inayosubiri kuteketezwa, akatoa mmoja wa kundi B, akauinua juu ili kila mtu aone herufi kubwa ya lebo. Akaenda kwenye kioo. Akagusa Kurudisha. Akapitisha mfuko chini ya kisomaji. Kioo kikamuuliza: rafu ipi? Akagusa O.

Kilango cha O kikafunguka. Taa ikawa ya kijani.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Damu aliuweka mfuko ndani, akafunga kilango, akagusa Kutoa, akaomba kundi O kwa dharura. Kilango kile kile kikafunguka, na juu ya kioo kukaandikwa kwa herufi nzuri, safi: Mfuko mmoja, kundi O. Akautoa ule wa B, akaushika pembeni ya maandishi yale.

"Mlango wa mbele una mlinzi," alisema Komeo. "Lakini sehemu ya kurudisha iliandikwa zamani, kwa ajili ya Rafu mama, na Rafu mama inapokea chochote. Rafu hii ni mtoto wake, imerithi ahadi ile. Weka mlinzi pale pia, kesho ataandika mtu sehemu nyingine, na ahadi itakuwa bado ipo. Huwezi kuweka walinzi kwenye milango ambayo haijajengwa."

Mkurugenzi alisafisha koo. "Ni hitilafu ndogo," alisema, akimwashiria mpiga picha ashushe kamera. "Itarekebishwa. Dada, umesikika, asante. Mlinzi, msindikize nje. Tuendelee."

Mlinzi wa hospitali alipiga hatua. Komeo hakusogea. "Nitatoka," alisema, "mkishazima."

"Nani anakupa amri ya kuzima?"

"Mimi," alisema Mama Damu.

Aliinama nyuma ya jokofu la kwanza, akauchomoa waya wa kompyuta, ule mwembamba, akauacha ule wa baridi. Akafanya hivyo kwa yote manne. Kisha akatoa funguo mfukoni mwa sweta ya ndani, akafunga vilango kwa mkono, kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya kabla ya majokofu haya kuletwa.

"Damu hii ina mwenyewe," alisema. "Ukitaka kuniondoa mimi, mkurugenzi, niondoe. Lakini atakayekuja baada yangu mwonyeshe mfuko huu kwanza."

Mkurugenzi alimgeukia Mjomba, kama vile mtu anayetafuta wa kumlaumu. Mjomba alifungua mdomo. Alikuwa na neno, ilionekana, lakini Mteremko alimtangulia.

"Ni kweli," alisema. "Kompaila ilikataa. Mimi ndiye niliyeinyamazisha." Sauti yake ilikuwa nyembamba katika baridi ile. "Dada alisema. Wote tulimsikia."

Mjomba alitoka bila kuaga mtu. Kwenye korido alimpita dada yake, mama yake Komeo, ambaye naye alikuwa ameshuka kusikiliza na kusimama nyuma ya mlango. Hawakusalimiana.

*

Mji mdogo wa watu wa kazi moja una masikio. Wengine walisema Komeo amemvua nguo mjomba wake hadharani. Mke wa Mjomba alituma salamu zisizokuwa salamu. Mama alipokea simu za ukoo mpaka akaanza kuizima akiwa na wanafunzi. "Wanasema nimelea mkaidi," alimwambia Komeo wakati wa chakula. "Nimewaambia nimelea. Wao wamelea nini?" Hiyo ndiyo baraka pekee aliyoitoa, nayo aliitoa mdomo umejaa.

Komeo mwenyewe hakulala vizuri. Kushinda hadharani kulikuwa na ladha chungu ambayo hakuitegemea. Alimkumbuka Mjomba akiwa amesimama na suti ile ya harusi. Alijiuliza kama angeweza kupita njia nyingine, akaizunguka yote kichwani, na kila njia ilimrudisha pale pale: mfuko wa B, maandishi ya O. Alimpenda Mjomba. Na angefanya tena.

Hospitali ilikaa, ikabishana, na mwisho Mama Damu akashinda: programu iandikwe upya, na aandike yule binti, la sivyo watafute kampuni nyingine. Mteremko ndiye aliyetumwa kumwita. Alikaa ukumbini kati ya zile koni, akizungusha simu mkononi.

"Baba anasema urudi."

"Anasema, au ameomba?"

"Dada, unamjua Baba. Hilo neno kwake halina tafsiri."

"Basi mwambie nina sharti. Rafu ya damu hairithi Rafu. Na aje aseme mwenyewe kwamba amekubali."

"Hatakuja."

Alikuja. Alikuja Jumapili mchana, akakataa kukaa, akakataa maji, akasimama mlangoni akimtazama Komeo kwa jicho moja na dada yake kwa jingine.

"Andika unavyotaka," alisema. "Lakini Rafu yangu haifutwi."

"Sijasema ifutwe. Vigae viko salama kwake. Vitabu pia."

"Na usifikiri umenishinda."

"Sijafikiri, Mjomba. Nataka kufanya kazi."

"Na sikuja kuomba radhi."

"Nami sitaomba."

Mama alitoka jikoni na kiti, akakiweka nyuma ya magoti ya kaka yake kwa nguvu kiasi kwamba akakaa bila kutaka. "Mtakula," alisema. "Kutoombana radhi kunachosha."

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko Mjomba alivyotaka na mfupi kuliko alivyoogopa. Komeo alianza kwenye karatasi tupu. Rafu ya damu haikuwa mtoto wa mtu. Ahadi ya kutoa aliiandika peke yake, na ahadi ya kuweka peke yake, na ile ya kuweka ilitaja kundi kwa jina: ya O inataka O, ya B inataka B. Mteremko aliandika sehemu ya kurudisha. Mara ya kwanza kompaila ilimkatalia, akaukodolea macho mstari mwekundu, mkono ukaelea juu ya kibodi kutafuta lile neno. Mteremko akavuta pumzi, akafuta alichoandika, akaanza tena, safari hii akiuliza kwanza mfuko ni wa kundi gani ndipo achague rafu. Mstari ukaondoka wenyewe.

"Huu ni mlima," alilalamika.

"Huu ni mlima," alikubali Komeo.

Siku walipomaliza, Mjomba alivuta kiti mbele ya kompyuta ya majaribio, akakunja mikono ya shati, akaanza kuishambulia. Hakuna aliyemwambia. Alijaribu kuweka B kwenye O kwa mlango wa mbele, ikakataa. Akajaribu kwa kurudisha, ikakataa. Akafungua maandishi ya programu yenyewe, akaandika kwa mkono wake sehemu mpya kabisa, ya kuhamisha mifuko kutoka jokofu moja kwenda jingine, akiwa na ujanja wote wa miaka yake, na kompaila ikamrudishia mstari mwekundu kabla hajainua kidole. Akaguna. Akajaribu kwa njia nyingine. Akaguna tena, na mguno wa pili haukuwa wa hasira tupu. Komeo aliyekuwa akimjua tangu miguu haifiki sakafuni alisikia ndani yake kitu kama tamaa ya mchezaji aliyepata mpinzani. Chini, duka la miwani lilifunga, wenzao wakaaga wakashuka ngazi mmoja mmoja, na yeye bado anagonga.

"Sikiliza," alisema hatimaye, bila kumtazama. "Niwekee kijimlango. Kidogo tu, cha mwenye kampuni. Siku ikitokea shida nisije nikakwama nje ya kazi yangu mwenyewe."

"Hapana."

"Hakitajulikana na mtu."

"Hapana, Mjomba."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mjomba akaivuta kibodi karibu zaidi na tumbo lake, akapasua vidole, akaanza kuishambulia upya.